Israel Putnam, mkulima aliyeacha plau shambani akaenda vitani: kipi kweli, kipi chumvi?

#1 Kitabu na Jembe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Miezi kadhaa sasa nasoma habari za vita vya uhuru vya Marekani, na kuna mtu mmoja hanitoki kichwani. Anaitwa Israel Putnam. Alizaliwa tarehe 7 Januari 1718 huko Salem Village, Massachusetts, mahali ambapo leo panaitwa Danvers. Mwaka 1740 akahamia Pomfret, Connecticut, akapata ardhi yenye mawe kuliko udongo, akalima, akafuga kondoo. Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipoanza akajiunga mwaka 1755, akapanda ngazi hadi luteni kanali. Mwaka 1766 majirani zake wakamchagua kwenda Baraza Kuu la Connecticut, yaani mbunge wao. Mwaka 1775 Bunge la makoloni lilimteua meja jenerali. Akafa tarehe 29 Mei 1790, Brooklyn. Si ile ya New York, ni Brooklyn ya Connecticut, jirani na Pomfret.

Shule hakuipata ya maana. Barua zake zipo, na aliandika maneno kama alivyoyatamka.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 19 Aprili 1775 wanajeshi wa Uingereza walipigana na wanamgambo huko Lexington na Concord. Kesho yake mjumbe wa farasi akamkuta Putnam, mtu wa miaka 57, analima. Wanasema aliacha plau katikati ya shamba, hakubadili hata nguo, akapanda farasi akaenda.

Mimi naamini kisa hiki ni cha kweli. Nikisoma maisha yake yote naona ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuanza kwanza na kufikiri akiwa njiani. Lakini najua humu kuna watu wamesoma kunizidi. Karibuni.

#2 Maksai Wawili

Mkuu, uzi mzuri. Nina swali la mkulima kabla ya mengine yote.

Nani aliwafungua ng'ombe?

Nalima kwa maksai huku Rukwa toka utotoni. Huwezi kuwaacha maksai na nira shingoni, plau imezama kwenye mfuo, ukaondoka. Watageuka watafute majani, mnyororo utawazunguka miguu, mmoja ataanguka na mwenzake atanyongwa na kamba ya nira. Ukirudi unakuta hasara. Kama aliwaacha hivyo, basi hakuwa mkulima bali mwanasiasa mwenye shamba. Nijibiwe hilo kwanza.

#3 Nyanya Mbivu

Maksai Wawili, nchi inazaliwa na wewe unauliza kamba ya nira! Lakini wallahi ni swali poa. Nakaa hapa nasubiri jibu.

#4 Mchunguzi77

Mleta uzi, umeandika vizuri ila nakupinga.

Uliza kwanza kisa kimetoka kwa nani. Aliyekiandika wa mwanzo ni David Humphreys, aliyewahi kuwa msaidizi wa Putnam jeshini. Kitabu chake kilitoka 1788, Putnam akiwa bado hai. Humphreys alisoma chuo cha Yale, alikuwa mshairi, na maandiko hayo aliyaelekeza kwa chama cha maofisa waliopigana vita hivyo, tawi la Connecticut. Chama hicho kiliitwa Cincinnati. Jina limetokana na Cincinnatus, Mrumi wa kale ambaye wajumbe walimkuta analima, akaacha jembe, akaokoa nchi, kisha akarudi shambani.

Umeona? Unawaandikia watu waliojiita kwa jina la mkulima aliyeacha jembe, nawe unawaletea mkulima aliyeacha jembe. Sisemi Humphreys alidanganya. Nasema alijua wasikilizaji wake wanapenda nini.

#5 Bint Mvita

Assalaam alaykum. Mie huyu nilimsikia kwa kisa chengine, kile cha kuingia pangoni kumfuata mbwa mwitu. Nacho ni cha huyo huyo Humphreys?

Na huyo "mbwa mwitu" ni yupi? Kwetu ukitaja mbwa mwitu, watu wanawaza wale wenye mabaka na masikio makubwa ya duara, wa Selous na Laikipia.

#6 Kitabu na Jembe

#5, swali zuri. Siye yule wetu mwenye mabaka. Huyu ni yule wa nchi za baridi, wa kijivu, mkubwa kuliko mbwa wa kufugwa. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja.

Na ndiyo, kisa kinatoka kwa Humphreys. Nakisimulia kama alivyokiandika.

Ulikuwa majira ya baridi ya 1742 kuingia 1743. Putnam alikuwa na miaka 24, na kondoo wake na mbuzi walikuwa wakiliwa. Humphreys anasema usiku mmoja walikufa 70. Muuaji alikuwa jike mmoja mzee, wakimtambua kwa nyayo, kwa sababu alikuwa amepoteza vidole vya mguu mmoja kwenye mtego wa chuma. Kila mwaka watoto wake waliuawa, yeye akaponyoka. Putnam na majirani watano wakakubaliana kupokezana zamu hadi wampate. Theluji ilipoanguka wakaufuata ule mguu wenye kasoro, wakaenda hadi mto Connecticut, nyayo zikageuka, zikawarudisha Pomfret. Mbwa wao wakamsukumia pangoni.

Wakaingiza mbwa, mbwa wakatoka wamejeruhiwa, wakakataa kurudi. Wakachoma majani makavu na unga wa salfa, moshi ukajaa, jike hatoki. Ikafika saa 4 usiku. Putnam akavua koti, akafungwa kamba miguuni, akawasha gome la mti aina ya betula liwe mwenge, akatambaa ndani. Akaona macho mawili yanang'aa mwisho wa pango. Yule mnyama akanguruma. Walioko nje waliposikia wakadhani mwenzao anakufa, wakamvuta kwa nguvu mpaka shati likampandia kichwani na ngozi ikachubuka. Akajipanga upya, akashindilia gobole lake kwa marisau 9, akaingia mara ya pili, akapiga. Wakamvuta tena, maskio yanavuma. Moshi ulipopungua akaingia mara ya tatu, akausogeza mwenge kwenye pua ya mnyama, akaona amekufa, akamshika masikio. Wakavutwa nje wote wawili.

Ninachokipenda ni zile safari tatu. Mtunzi wa ngano angemwingiza mara moja, amalize kazi.

#7 Maksai Wawili

Sasa hapo naamini. Mtu aliyepoteza kondoo 70 ataingia shimo lolote.

Kwetu fisi alimaliza mbuzi 11 za mama yangu usiku mmoja, na hakula hata nusu yao. Asubuhi tukakuta wamelala mstari kama magunia. Kaka yangu alikaa juu ya mti usiku nne mfululizo na mshale. Hakuna aliyemtuma. Hasira ya mifugo ni hasira nyingine.

Ila bado sijajibiwa kuhusu maksai.

#8 Mjukuu wa Bagamoyo

Naomba niongeze kitu ambacho mleta uzi amekiruka. Katika kisa hicho hicho, Humphreys anaandika kwamba kabla ya kuingia mwenyewe, Putnam alimtaka mtu wake mweusi aingie pangoni akampige yule mnyama. Akakataa. Ndipo Putnam akakasirika na kuvua koti.

Jina lake hatupewi. Amepewa sentensi moja, tena apite haraka ili shujaa aingie. Mimi kila nikisoma kisa hiki nasimama hapo. Connecticut ilikuwa na watumwa, na sheria ya kuwaacha huru polepole ilipitishwa 1784 tu. Mtu asiye na mamlaka juu ya mwili wake, usiku, kwenye theluji, mbele ya wanaume wenye bunduki, alisema hapana. Uthubutu wa Putnam nauona. Na wa huyu nauona.

#9 Kitabu na Jembe

#8, umenisahihisha na ninakubali. Nilisoma sentensi hiyo na nikaipita. Asante.

#10 Mkaazi wa Hartford

Habari zenu. Mimi naishi Connecticut mwaka wa tisa huu. Hilo pango nimefika. Liko ndani ya hifadhi ya Mashamoquet Brook, hapo Pomfret. Unatembea msituni, unashuka, unakuta mwamba umepasuka, na mlango wake ni mfupi. Niliinama nikaingiza kichwa na mabega nikaishia hapo. Ndani ni giza na ubaridi wa mawe, na unasikia pumzi yako mwenyewe inakurudia. Kijana wangu wa miaka 12 alitaka kuendelea, nikamshika mguu.

Ardhi mleta uzi ameielezea sawa. Ukipita msituni huku unakuta kuta za mawe zimekatiza miti mikubwa, hakuna nyumba wala shamba. Zamani yote hayo yalikuwa mashamba. Kila masika barafu ikiyeyuka udongo unasukuma mawe juu, mkulima anayaokota anayapanga pembeni. Ndiyo maana watu wa huku walifuga kondoo.

#4, na kuhusu Aprili: tarehe 20 ni wakati wa kulima kabisa huku. Mtu yeyote mwenye shamba siku hiyo angekuwa shambani. Haihitaji Mrumi.

#11 Askari Mstaafu

Nawasalimu. Mnazungumza plau na pango, mimi nataka kazi yenyewe. Pigano la Bunker Hill, karibu na Boston, 17 Juni 1775. Nani alikuwa kamanda?

Usiku wa tarehe 16 Kanali William Prescott wa Massachusetts alipanda na watu wapatao 1,200, wakachimba ngome juu ya Breed's Hill, kilima kilicho karibu zaidi na Boston. Bunker Hill iko nyuma yake. Mchana Waingereza wakashambulia mara tatu. Mara ya tatu baruti ya watu wa makoloni ikaisha, wakarudi nyuma. Waingereza walitwaa kilima kwa hasara ya watu zaidi ya 1,000, kati yao waliokufa 226.

Prescott alikuwa ndani ya ngome muda wote. Putnam, aliyekuwa na cheo cha ujenerali wa Connecticut, alikuwa juu ya farasi, mara yuko mbele kwenye uzio, mara yuko Bunker Hill anajaribu kuchimba ngome ya pili, mara anafukuzana na watu waliokuwa wakikimbia awarudishe. Jenerali William Heath anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Putnam alimfuata Prescott kuchukua sururu na majembe yapelekwe nyuma. Prescott akamwambia ukiwapa watu wangu wabebe hivyo vyombo, hakuna atakayerudi. Putnam akaahidi watarudi wote. Hawakurudi.

Kwa mtazamo wangu wa kijeshi, siku ile hakukuwa na kamanda mmoja. Massachusetts ilimsikiliza wa kwake, Connecticut wa kwake, New Hampshire na John Stark wao. Kamanda mkuu, Artemas Ward, alibaki Cambridge.

#12 Mchunguzi77

#11 naunga mkono. Naongeza kwamba ile amri maarufu ya "msipige mpaka muone weupe wa macho yao" wamepewa Putnam, Prescott na wengine pia, na amri za namna hiyo zilikuwa zimeshatolewa katika jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani, miaka mingi kabla.

Na ugomvi huu si wetu wa leo. Mwaka 1818, Putnam ana miaka 28 kaburini, Jenerali Henry Dearborn, aliyekuwa kapteni chini ya Stark siku ile, alichapisha maelezo kwamba Putnam alikaa nyuma bila kufanya lolote. Ulizuka moto. Mwanawe Putnam, Daniel, akajibu kwa hasira. Mwanasheria Daniel Webster naye akaingia kumtetea marehemu. Wazee waliokuwapo vitani walitafutwa watoe ushahidi, na mmoja akisema nilimwona mbele, mwingine anasema nilimwona nyuma.

#13 Askari Mstaafu

Na wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mtu juu ya farasi kwa masaa yale yote anaonekana kila mahali. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye zoezi, na mpaka leo tunabishana na wenzangu kama mkuu wa kikosi alipita kwetu au hakupita. Zoezi tu, hakuna risasi za moto.

#14 Kinda la Unguja

Wakubwa, shikamooni. Natoka kidogo kwenye mada. Mleta uzi ametaja Salem. Je, ndiyo Salem ile ya merikani?

#15 Kitabu na Jembe

Marahaba kijana. Karibu sana na hapo. Salem Village ilikuwa sehemu ya ndani, ya wakulima. Salem yenyewe ni bandari. Na ndiyo, wafanyabiashara wa bandari ile ndio waliojaa Unguja kuanzia miaka ya 1820 na 1830. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na konsuli (balozi mdogo) wa kwanza, Richard Waters, aliyewasili 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walileta kitambaa cha pamba, ndiyo asili ya neno merikani, wakachukua sandarusi, pembe na ngozi. Lakini Putnam alishakufa muda mrefu.

#16 Bint Mvita

Madhali mumefika huko: pembe hizo nyingi ziliishia Connecticut, jimbo la huyu huyu Putnam! Deep River na Ivoryton, miji midogo karibu na mdomo wa mto Connecticut, ndiko zilikokatwa zikafanywa vitufe vya piano. Mwanangu anasoma muziki, mwalimu wake ana piano kuukuu yenye vitufe vya pembe. Nilivigusa, vimekuwa na rangi ya manjano kama meno ya mzee. Sikuweza kukaa kimya, nikamweleza mwalimu zilikotoka na nani alizibeba mpaka pwani.

#17 Mjukuu wa Bagamoyo

#16 umenigusa. Babu wa babu yangu alikuwa katika misafara hiyo. Hilo lifunguliwe uzi wake, nitaandika.

#18 Kitabu na Jembe

Lifunguliwe kweli, na niiteni. Hapa turudi kwa Putnam.

Naona hakuna aliyegusa ubunge wake. Connecticut ilikuwa na hati ya kifalme ya mwaka 1662 iliyowaruhusu kuchagua hata gavana wao wenyewe, jambo ambalo makoloni mengi hayakuwa nalo. Baraza lilikutana Mei huko Hartford na Oktoba huko New Haven. Wajumbe wengi walikuwa watu wa mashamba.

Putnam aliingia humo akitokea kwenye mapambano ya Sheria ya Stempu ya 1765, ile kodi ya Waingereza kwenye hati na magazeti ya makoloni. Alikuwa kiongozi wa Wana wa Uhuru, kundi lililoipinga kodi hiyo, upande wa mashariki ya jimbo. Humphreys anasimulia kwamba alipelekwa kwa Gavana Fitch, akamweleza kuwa akizikumbatia zile karatasi za stempu, nyumba yake itasawazishwa na ardhi kwa dakika tano. Karatasi hazikuingizwa Connecticut.

Na kuna hili ninalolipenda kuliko mapigano yote. Mwaka 1774 Waingereza walipoifunga bandari ya Boston ili watu washike adabu kwa njaa, Putnam alikusanya kondoo zaidi ya 100 kutoka kwa watu wa parokia yake, akawaswaga mwenyewe hadi Boston kuwa msaada. Mtu wa miaka 56, mwenye cheo cha kanali. Huko akafikia kwa daktari Joseph Warren, yule aliyekuja kufa Bunker Hill.

#19 Nyanya Mbivu

Kuswaga kondoo mia kwa safari ya siku kadhaa! Nimeswaga ishirini kutoka kwa shosho hadi sokoni, nikafika nimezeeka. Huyu mzee namheshimu sasa.

#20 Mchunguzi77

Kondoo nakubali bila ubishi. Lakini tusimfanye malaika. Septemba 1774 huyo huyo alipata habari kwamba Boston inapigwa mizinga, akaandika barua kuieneza bila kuithibitisha, na maelfu ya watu wakashika silaha na kuanza safari. Ilikuwa uvumi mtupu. Mleta uzi amesema anaanza kwanza na kufikiri njiani. Hayo ndiyo madhara yake.

Mwaka 1777 akiwa mkuu wa jeshi kwenye milima ya mto Hudson, New York, ngome mbili zikatekwa Oktoba. Baraza la uchunguzi lilimwondolea lawama, lakini ukuu huo hakurudishiwa.

#21 Askari Mstaafu

Hudson hiyo hiyo, 1777, alimkamata jasusi aitwaye Edmund Palmer. Waingereza wakatuma barua kumdai. Putnam akajibu kwa mistari michache: amekamatwa kama jasusi, amehukumiwa kama jasusi, na atanyongwa kama jasusi. Chini ya sahihi akaongeza kwamba ameshanyongwa. Barua ya mtu asiye na shule, na hakuna neno la ziada.

Nawakumbusha pia kwamba mwaka 1758 yeye mwenyewe alikuwa mateka. Wapiganaji wa makabila ya wenyeji wa Marekani waliokuwa upande wa Wafaransa walimfunga mtini na kuwasha moto, na Humphreys anasema ofisa Mfaransa ndiye aliyemfungua. Mateka wa namna hiyo akipata madaraka, wengine wanalainika, wengine wanakuwa chuma.

#22 Maksai Wawili

Ukurasa wa pili huu. Mmeongea stempu, piano, majasusi. Maksai wangu bado wako kwenye nira toka asubuhi.

#23 Mkaazi wa Hartford

Maksai Wawili, pole kwa kusubiri. Jibu lipo, tena ni mawili.

Humphreys anasema Putnam aliwafungua ng'ombe mwenyewe kisha akaondoka.

Lakini mwanawe Daniel anasema vingine. Daniel alikuwa kijana wa miaka 15, na siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiswaga maksai, baba ameshika plau. Anasema baba hakukawia hata kidogo. Alimwacha yeye, mswagaji, afungue nira pale pale kwenye mfuo.

Na kuna ushahidi mgumu zaidi. Ile taarifa iliyopelekwa na wajumbe wa farasi iligongwa saini kila kituo, na ya Brooklyn inaonyesha Alhamisi saa 5 asubuhi. Halafu ipo barua ya Putnam mwenyewe, ameiandika akiwa Concord tarehe 21 Aprili, akieleza kwamba linatakiwa jeshi la watu 22,000 na Connecticut itoe 6,000. Alhamisi saa 5 yuko kwake, Ijumaa yuko Concord. Hiyo ni safari ndefu kwa barabara za wakati ule. Mtu huyo hakukaa kubadili nguo.

#24 Kitabu na Jembe

Nondo! Asante sana. Mimi nasema hapo uzi wangu umepata jibu.

#25 Mchunguzi77

Haujapata. Barua inathibitisha kwamba alienda haraka, nakubali. Haithibitishi plau. Kuna masimulizi mengine yanayosema alikuwa na vibarua wake wanajenga ukuta wa mawe, kavaa aproni ya ngozi. Kwa ardhi aliyoieleza mwenzetu hapo #10, ukuta wa mawe unaingia akilini kama plau tu.

Na Daniel ni mtoto anayemtetea baba. Aliyaandika hayo ameshakuwa mtu mzima sana, baada ya miaka mingi na baada ya kitabu cha Humphreys kusomwa na kila mtu. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka 15 inajaa maneno ya watu wengine.

#26 Bint Mvita

Lakini #25, kama alitaka kumpamba babake, si angefuata kisa kilichopo? Humphreys keshasema Putnam alifungua mwenyewe. Daniel anasema hapana, ni mimi. Amemvua babake sifa ya kuwafungua ng'ombe.

#27 Mchunguzi77

Au amejipa yeye nafasi kwenye kisa. Hoja yako ina uzito, lakini.

#28 Nyanya Mbivu

Tuambieni alikufaje, mimi nalala.

#29 Kitabu na Jembe

Desemba 1779 alipigwa na kiharusi akiwa njiani kurudi jeshini, mkono na mguu wa upande mmoja ukapooza. Akarudi shambani, akaishi miaka kumi na zaidi. Mwaka 1888 mabaki yake yalihamishiwa chini ya sanamu yake pale Brooklyn. Amewekwa juu ya farasi.

#30 Maksai Wawili

Nimesoma jibu la #23 mara mbili. Sasa nimeridhika kuhusu ng'ombe. Na namjibu #25 kuhusu kumbukumbu.

Novemba 1978 mvua zilikuwa zimeanza, nina miaka 14. Baba ameshika plau, mimi naswaga. Alikuwa mgambo. Balozi wa nyumba kumi akaja pembeni ya shamba, hakuingia ndani, akasimama kwenye nyasi akamwita baba kwa jina lake kamili. Wakaongea kidogo. Baba akarudi, akaiegemeza plau upande, akaniambia fungua. Akaenda nyumbani, na jioni aliondoka na lori kuelekea Kagera.

Nilibaki pale peke yangu. Maksai walikuwa Simba na Karoti. Simba alikuwa na tabia ya kurusha kichwa ukigusa nira, na mimi sikuwahi kumfungua bila baba. Udongo ulikuwa umeganda kwenye ulimi wa plau mpaka nusu. Mnyororo ulikuwa wa baridi. Nilianza na Karoti. Hayo hakuna aliyenisimulia wala hayapo kwenye kitabu, na yana zaidi ya miaka arobaini.

#31 Mchunguzi77

Mkuu, sina la kuongeza hapo. Kuhusu plau ya Putnam nabaki na shaka yangu, lakini Daniel nitamsoma upya.

Mzee alirudi?

#32 Maksai Wawili

Alirudi 1979. Amekonda, viatu si vyake. Kabla hajakaa aliniuliza maksai wako wapi. Nikamwambia Simba yupo malishoni. Karoti alikufa kwa ndigana mwezi wa pili.